Miezi Mitatu kwa Maandishi

Tarehe 4 Machi

Shemeji yangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Mama. Sisi ni wazima. Mguu wa Mama unamsumbua asubuhi tu, ikifika saa nne anaamrisha watu kama kawaida yake. Ameniagiza nikuandikie kwamba umekonda. Nikamwambia, "Mama, mwaka wa pili huu hujamwona, umejuaje?" Akanijibu, "Mwanangu akinyamaza, amekonda." Basi ujumbe ndio huo.

Binti yetu amefaulu mwaka wa kwanza wa uuguzi. Alipokuja likizo alipima watu wote wa mtaa mapigo ya moyo, hata waliokuwa na haraka.

Kazi haijambo. Juzi nimemaliza kujalidi rejista za shule, mzigo mzima, peke yangu. Zamani mimi nilishona kurasa tu. Kaka yako ndiye aliyepaka gundi, akabandika majalada na kuviingiza vitabu kwenye Kiboko, ile mashine yetu ya kubania, iliyofungwa kwa boliti sakafuni. Sasa gundi ni mimi, jalada ni mimi, Kiboko ni mimi. Kitabu cha kwanza kilitoka kimepinda. Nimekiweka, sikiuzi.

Sasa nikueleze kilichonishikisha kalamu. Jumamosi alikuja mwenye nyumba, yule ambaye Mama humwita Bwana Kesho kwa sababu mfereji wa paa ameahidi kuutengeneza kesho kwa miaka minane. Nilimkaribisha kiti, hakukaa. Alisimama mlangoni ameshika kitasa.

"Mama wa vitabu," akasema, "mwisho wa mwezi huu naihitaji nyumba yangu."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Nyumba ipi, mzee?"

"Hii hii. Mwanangu anarudi na mke. Na notisi nilishatoa tangu Januari, kwa hiyo tusije tukalaumiana."

Mama akadakia kutoka chumbani, "Leo kwa mara ya kwanza huyu mtu ana haraka!"

Shemeji, mimi sina ugomvi na mtu kutaka nyumba yake. Lakini wiki nne? Mama macho yamebaki kuona mwanga tu. Humu ndani anatembea kwa kugusa ukuta, na tangu tuhamie humu hajajigonga hata mara moja. Nikimpeleka pengine ghafla atavunjika. Na Kiboko kukiondoa panahitajika wanaume sita na mtu wa boliti. Na chumba chenyewe ndicho alichofia kaka yako, ingawa hilo najua halina mahali pa kuandikwa.

Wewe unafanya kazi mahakamani. Naomba uniambie: mtu anaweza kutolewa nyumbani kwa mdomo?

Nisamehe kwa kukutwika haya. Kwenye mazishi yake Novemba tulikukosa, ila safari ni ndefu na nauli si mchezo, sote tulielewa.

Ni mimi shemeji yako.

*

Tarehe 17 Machi

Shemeji,

Barua yako imechukua siku kumi na moja njiani. Mimi ningeitembeza kwa mguu ingefika mapema.

Mwambie Mama sijakonda, ni suruali ndizo zimepanuka. Watoto hawajambo. Mke wangu amefanywa mpishi mkuu wa shule, na tangu apate cheo hicho hata hapa nyumbani tunapanga foleni.

Haya, sikiliza. Mimi si wakili. Mimi ni mpeleka hati, mwaka wa kumi na saba huu, na ninachokijua nimejifunza kwenye milango ya watu. Notisi si chafya, kwamba mtu akishaitoa imetoka. Notisi ni karatasi. Ina tarehe. Ina jina la mpangaji. Inasema aondoke lini na kwa sababu gani. Ina saini ya anayeitoa. Na inamfika mwenyewe mapema, kwa muda ule mliokubaliana kwenye mkataba. Ikikosa kimojawapo, inalegea kama kitabu kilichoshonwa kwa uzi mmoja, wewe unakijua kitabu cha namna hiyo kinavyomwagika.

La pili. Hata notisi iwe nzuri kama shairi, siku zikiisha na wewe bado umo ndani, mwenye nyumba hapewi ruhusa ya kukutoa kwa mikono yake. Kung'oa mlango, kubadilisha kufuli, kukata maji, kutupa vyombo nje, yote hayo si yake. Anakwenda kwenye baraza la kesi za nyumba, anaeleza, na wewe unaeleza, na baraza ndilo linaloamua.

Kwa hiyo lipa kodi kama kawaida, chukua risiti. Usitie saini karatasi usiyoisoma. Usimtukane. Mwambie na Mama.

Nijibu haya moja moja. Mkataba unasema notisi ya muda gani? Umeandikwa jina la nani? Risiti tangu Novemba zina jina la nani? Hicho anachokiita notisi ni maneno au ni karatasi? Na kama ni karatasi, nani aliileta na nani aliipokea?

Usiogope. Mtu mwenye haraka mara nyingi ameruka hatua.

Shemeji yako.

*

Tarehe 2 Aprili

Shemeji yangu,

Tumepokea barua, nikamsomea Mama. Ya suruali imemchekesha mpaka kikohozi kikamshika, halafu akasema, "Ameanza utani, basi kuna kitu anaficha." Nikaikunja barua. Binti anakusalimu, anasema uache chumvi.

Bwana Kesho amekuja tarehe thelathini na moja, saa tatu asubuhi, na mkokoteni na vijana wawili wa kubeba mizigo. Nilikuwa nachemsha gundi. Nilikwisha kuisoma barua yako mara tatu, nikajiona nimepata ujasiri.

"Haya, Mama wa vitabu, tusaidiane," akasema.

Nikamwambia, "Mzee, nionyeshe amri ya baraza, na mimi mwenyewe nitashika upande mmoja wa kabati."

"Amri ya nini kwenye nyumba yangu?"

"Nyumba ni yako. Amri ni ya kunitoa mimi."

Akawageukia vijana. "Anzeni kutoa vitu."

Hapo Mama akatokea, mkono ukutani, akafika mpaka kwenye Kiboko akakipiga kofi. "Anzeni na hiki," akawaambia. "Mkikiweza hiki, na mimi mnibebe."

Vijana wakainama, wakasukuma, wakavuta. Kiboko hakikutikisika. Mmoja akajifuta jasho akasema, "Mzee, hiki kimeota mizizi." Mwingine akacheka, mimi nikacheka, na Mama, na nadhani Bwana Kesho naye kidogo angecheka kama isingekuwa aibu. Badala yake akanyoosha kidole. "Baraza unalitaka, baraza utalipata. Karatasi mnayo humo ndani tangu Januari, msijifanye hamjui." Akaondoka na mkokoteni mtupu.

Sasa majibu. Mkataba nimeupata kwenye kopo la vifungo. Unasema miezi mitatu kwa maandishi, kwa kila upande. Umeandikwa jina la kaka yako. Risiti tangu Desemba ni jina langu. Nakumbuka vizuri, kwa sababu mwezi ule wa kwanza Bwana Kesho alinyanyua kalamu akauliza, "Sasa niandike nani?" Nikamwambia, "Niandike mimi." Akaniandika, akakosea herufi moja, akairekebisha.

Kuhusu karatasi nitakuandikia siku nyingine. Rejista zinanisubiri.

Shemeji yako.

*

Tarehe 13 Aprili

Shemeji,

Sisi wazima. Barua hii ni fupi kwa makusudi.

Nimekuuliza maswali matano, umenijibu matatu na kukimbilia rejista. Mimi kila siku nasimama mlangoni kwa mtu nimwulize, "Fulani yupo?" Najua sauti ya mtu anayezunguka. Wewe unazunguka.

Nikupe kisa. Mwaka wa nne wa kazi hii nilipewa hati niipeleke kwa seremala mmoja. Nikagonga, akatoka mkewe. Nikamwuliza, "Seremala yupo?" Akaniambia, "Yupo, nyuma ya nyumba." Nikazunguka. Nilikuta kaburi, udongo bado mbichi. Nikarudi na karatasi yangu, nikaandika juu yake: haikupokelewa, mwenyewe amefariki. Hakimu hakunilaumu. Alisema marehemu haitwi na mtu, anayetaka jambo na aandike upya kwa aliye hai.

Kwa hiyo nakuuliza wazi, wala sina hasira. Ipo bahasha? Ina jina la nani? Imefunguliwa?

Shemeji yako.

*

Tarehe 29 Aprili

Shemeji yangu,

Mama hajambo, binti hajambo, mimi sijambo. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilianza barua hii mara nne.

Bahasha ipo.

Miaka ishirini na miwili niliyoishi na kaka yako sikufungua barua yake hata moja, wala yeye hakufungua yangu. Hatukukubaliana, ilitokea tu. Barua ikija niliiweka kwenye droo ya meza ya kukatia karatasi. Akirudi ananawa mikono kwanza, kwa ajili ya gundi, halafu anakata bahasha kwa kisu cha kazi, taratibu, kwa sababu aliichukia bahasha iliyochanika. Kisha ananisomea kwa sauti. Hata barua ya kudai vitabu vilivyochelewa alinisomea kwa sauti, akiiga sauti ya mwalimu mkuu.

Alipofariki barua hazikujua. Ziliendelea kuja. Nami niliendelea kuziweka kwenye droo. Shemeji, najua si akili. Nilikuwa naona nikizifungua mimi, basi ndiyo nimekubali kwamba hakuna wa kunawa mikono.

Zimo tatu. Moja ya muuza nyuzi. Moja ya mwenye nyumba, aliileta mfanyakazi wake mwenyewe tarehe kumi na mbili Januari, nikaipokea mimi mlangoni. Jina juu yake ni la kaka yako, kwa wino wa bluu. Na huyo Bwana Kesho mwezi Novemba alikaa kwenye mkeka wetu wa msiba siku mbili. Alibeba jeneza kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa na bandeji.

Ya tatu ni yako. Mwandiko wako naujua. Ilifika siku ya tisa baada ya mazishi. Nimeona nikwambie, kwa sababu tangu Machi tunaandikiana na hujauliza, nami sikusema.

Jingine. Juzi amekuja mtu wa baraza na daftari la kutia saini, kistaarabu kabisa, akaniuliza jina langu kabla ya kunipa karatasi. Nilikukumbuka. Shauri letu litasikilizwa tarehe ishirini na nne Mei. Nina wasiwasi kwamba kwa kutoifungua ile bahasha nimeharibu. Kama ningeifungua Januari ningejua, na leo ningekuwa nimeshahama salama na Mama. Labda kosa ni langu. Niambie ukweli tu.

Shemeji yako.

*

Tarehe 10 Mei

Shemeji,

Usiifungue.

Nimeandika hilo kwanza ili ukisoma mstari mmoja tu likutoshe. Ipeleke barazani kama ilivyo, imefungwa, jina juu. Hujaharibu kitu. Ungeifungua, angesema uliisoma ukaelewa ukakaa kimya. Alimzika mtu Novemba na kumwandikia Januari, na Desemba katikati amekuandikia wewe risiti. Mpangaji wake ni nani, ameandika kwa mkono wake mwenyewe. Chukua mkataba, risiti zote, na bahasha. Wakikuuliza, jibu ulichoulizwa, kisha nyamaza. Hutahitaji mtu wa kukusemea. Mwanamke aliyemwambia mwenye nyumba kwamba nyumba ni yake, ila amri ni ya kumtoa mpangaji, huyo anajisemea.

Sasa yangu.

Sikukosa nauli. Nauli nilikuwa nayo mfukoni.

Miaka miwili kabla tuligombana, mimi na kaka, juu ya nani akae na Mama. Nilimwambia anamng'ang'ania Mama ili aonekane mtoto mwema. Akakata simu, na unamjua, hakuwa mtu wa kukata. Nilikaa na neno hilo mpaka Novemba, ndipo nikaandika barua. Niliitia posta Jumatatu. Jumanne mkapiga simu kwamba amefariki. Nikaona nikija nitamkuta Mama, na wewe, na barua yangu njiani inakuja nyuma yangu. Nikabaki. Siku ile ya mazishi nilipeleka hati kumi na moja, sijawahi kupeleka nyingi hivyo.

Hiyo yangu ifungue. Nawa mikono au usinawe, upendavyo. Msomee na Mama.

Shemeji yako.

*

Tarehe 1 Juni

Shemeji yangu,

Salamu kutoka kwa watu wawili wenye furaha. Barua yako ilifika tarehe ishirini na mbili, siku mbili tu kabla ya shauri. Posta nayo ilikuwa inatutania.

Nianze na ile barua yako ya Novemba. Niliifungua jioni ile ile, kwa kisu cha kazi, sikuichana. Nikamsomea Mama. Pale ulipoandika, "Kaka, wewe ulibaki, mimi niliondoka, na anayeondoka ndiye mwenye maneno mengi," alinishika mkono nirudie. Nikarudia. Kisha akasema, "Mwambie aje, nimgombeze ana kwa ana, barua haitoshi." Umesikia.

Sasa baraza. Ni chumba kidogo, mabenchi mawili, feni moja inayozunguka kwa kulalamika. Mwenyekiti ni mama wa makamo mwenye miwani. Bwana Kesho alivaa koti. Akaeleza kwamba alitoa notisi Januari, kwa maandishi, na mimi nimekaidi.

Mwenyekiti akaniuliza, "Uliipokea?"

"Niliipokea bahasha," nikasema. "Hii hapa. Haikuwa yangu, sikuifungua."

Akaigeuzageuza, akasoma jina. "Huyu ni nani?"

"Mume wangu. Amefariki Novemba."

Akamwita karani, ikafunguliwa mbele ya wote, na karani akaisoma kwa sauti. Shemeji, sikiliza ilivyoanza: "Ndugu yangu, natumaini wewe pamoja na familia yako hamjambo, mnaendelea vizuri na kazi."



Mwenyekiti akavua miwani. "Mzee, tarehe kumi na mbili Januari ulitumaini hajambo?"

Bwana Kesho akatazama viatu vyake. "Barua huanza hivyo, mheshimiwa."

"Ulijua kwamba amefariki?"

"Nilizika."

"Kwa nini basi ulimwandikia?"

"Niliambiwa jina lazima liwe la kwenye mkataba. Nami nikanakili la kwenye mkataba."

"Na huyu mama, hukumwona humo ndani?"

"Nilimwona. Ndiye anayenilipa."

Mtu mmoja benchi la nyuma akacheka akajifanya anakohoa. Mwenyekiti akaziangalia risiti, akahesabu miezi kwa kidole, akasema mambo mawili. Kwanza, barua ile haikumfika aliyeandikiwa, na haitamfika. Pili, hata angekuwa hai, Januari tarehe kumi na mbili mpaka mwisho wa Machi haijatimia miezi mitatu, kwa hiyo mkokoteni ulikuja kabla ya siku zake. Akamwambia mzee kwamba nyumba ni yake na haki ya kuitaka anayo, ila aanze upya, kwa maandishi, kwa jina la aliye hai, kwa muda uliokubaliwa, na asilete tena wabebaji bila amri.

Nje Bwana Kesho alinisubiri. Nikajiandaa kwa matusi. Akasema, "Mama wa vitabu, mimi nilimpenda mumeo." Nikamwambia, "Najua, mzee. Ulimbeba kwa mkono wa kushoto." Akafuta macho kwa mkono wa koti. Mama, nilipomsimulia, alisema amemsamehe nusu.

Basi jana amekuja na karatasi mpya. Safari hii alikaa kwenye kiti. Imeandikwa jina langu kamili, herufi zote zimekaa mahali pake. Sababu: mwanawe anarudi kuishi humu. Muda: miezi mitatu, mpaka siku ya mwisho ya Agosti. Saini yake, na mahali pa saini yangu. Nikaisoma yote kwa sauti, yeye akisikiliza kama mwanafunzi, kisha nikatia saini na tarehe, nikabaki na nakala.

Usinihurumie, Shemeji. Nitahama, na nitahama vizuri. Nimeshaona nyumba mbili. Moja ina sakafu ya mbao, Kiboko kingeshuka kwa jirani wa chini. Ya pili ni ya chini, saruji tupu, kutoka chumbani mpaka bafuni ni ukuta mmoja ulionyooka, na Mama jana ameutembea mara tatu akaniambia utafaa. Mkataba nitauandikisha jina langu. Anayepangisha alipouliza, "Hakuna mwanaume wa kutia saini?" nilimwambia, "Yupo, anakuja Agosti kufungua boliti." Kwa hiyo uje. Mama anakusubiri na maneno yake, nami ninakusubiri na spana.

Droo nimeiacha wazi siku hizi. Barua ya muuza nyuzi nayo nimeifungua. Alikuwa anasema tu kwamba uzi mweupe umefika.

Nawaombea heri wewe na mkeo na watoto wote wa foleni. Na siku utakapogonga mlango, ukiwa na karatasi mkononi, akatoka mwanamke aliyevaa nguo za msiba kama mimi nilivyokuwa navaa Novemba, mwulize kwanza jina lake. Kisha unikumbuke.

Shemeji yako.